Mlei Tu

Katika mikutano ya parokia zetu kuna neno moja dogo ambalo watu wazima, wenye shahada zao na familia zao, hujifunika nalo. Neno lenyewe ni "tu". Daktari anasimama kujitambulisha: mimi ni mlei tu. Wakili anafuata: mlei tu. Mwalimu mkuu aliyekabidhiwa watoto 800 wa watu anashika kipaza sauti, anainamisha kichwa kidogo: Baba Paroko, mimi ni mlei tu. Sijawahi kumsikia padre akijitambulisha kuwa ni padre tu. Sista hasemi yeye ni sista tu. Hata frateri ambaye bado ana miaka mitatu ya masomo mbele yake hajiiti frateri tu.

Wapo wanaouita huo unyenyekevu. Mimi nauita kukwepa. Mtu akisema yeye ni mlei tu, anakuwa amesema mambo mawili kwa mkupuo: kwamba Mungu hakumwita kwa lolote la maana, na kwamba kwa hiyo asidaiwe lolote la maana. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Kwa miaka mingi tumegawana Kanisa kimyakimya: padre na sista wachukue wito, mlei achukue michango. Tunapenda kulalamika kwamba mapadre ndio waliotugawia hivyo. Ukweli ni kwamba na sisi tuliupokea mgawo huo kwa mikono miwili, kwa sababu mchango unalipika ukaisha. Wito hauishi.

Sikiliza tunavyolitumia neno lenyewe. Kijana akiingia seminari, ana wito. Akitoka akiwa mwaka wa pili wa falsafa, wito umepotea, na mama yake anaanza kukaa mabenchi ya nyuma. Hakuna anayefikiri kwamba huenda kijana huyo sasa amesikia vizuri kuliko alivyosikia mwanzo. Msichana akirudi kutoka unovisi anaulizwa kwa sauti ya msibani kimetokea nini. Akisomea uuguzi, akaajiriwa, akawa anawapokea wajawazito usiku kucha katika wodi isiyo na vitanda vya kutosha, hiyo tunaiita ajira. Wito, kwa hesabu zetu, ulibaki kule kwa masista.

Jumapili ya nne ya Pasaka, ile ya Kristo Mchungaji Mwema, Kanisa zima linaombea miito. Papa Paulo VI ndiye aliyeianzisha siku hiyo, mwaka 1964. Nenda kanisani siku hiyo, usikilize maombi ya waamini. Tutawaombea waseminari, wanovisi, mapadre wazee, mashirika yanayopungukiwa vijana. Ni maombi mema na ya lazima. Bila padre hakuna Ekaristi, na bila Ekaristi hata makala hii haina cha kujadili. Lakini katika mabenchi yaleyale wamekaa muuguzi, dereva wa lori, karani wa mahakama, afisa manunuzi wa halmashauri, fundi umeme, mama anayeuza samaki. Hakuna ombi linalomtaja hata mmoja wao kama mtu aliyeitwa. Wataombewa, ndiyo, ila katika fungu la wagonjwa, wasafiri na wenye shida mbalimbali.

Na zile semina za wito kwa vijana? Wanakuja mapadre na watawa wa mashirika mbalimbali, kila mmoja na vipeperushi vyake, kila mmoja na historia ya mwanzilishi wake. Mtoto anayevutiwa anaandika jina na namba ya simu ya mzazi. Kwa mtoto asiyevutiwa na upadre wala utawa, semina imekwisha. Anaambiwa asome kwa bidii na aombe apate mwenzi mwema. Maisha yake yote yaliyobaki, miaka 40 ya kufanya kazi, kulea, kupiga kura, kununua na kuuza, yamefupishwa kuwa suala la mchumba. Asipompata huyo mchumba ndiyo basi tena: anakuwa "kijana" wa parokia mpaka mvi zimtoke, akisubiri maisha yaanze.

Sasa mtazame mlei hodari, yule anayetolewa mfano. Anajulikana kwa dalili zake. Amelipa zaka, amelipa mavuno, amelipa kutegemeza jimbo, amechangia nyumba ya mapadre, amenunua sare ya chama chake cha kitume na kitenge cha jubilei. Yumo kwenye kamati mbili na kwaya moja. Siku ya jumuiya hakosi. Akifariki, kadi yake itakaguliwa, na kwa kuwa haina deni atazikwa kwa heshima zote. Kadi hiyo haina mahali pa kuandika alizipataje hizo fedha.

Sizidharau jumuiya. Mwaka 1976 maaskofu wa nchi za AMECEA walipozifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji, waliona jambo ambalo makanisa mengi duniani hayajaliona hadi leo: kwamba imani inayoishia kwenye jengo la Jumapili haina miguu, inabidi ishuke mtaani, ikae kwenye mkeka wa jirani. Nyumba kwa nyumba, watu wanaojuana majina na shida, Injili katikati. Wazo bora kuliko hilo silijui. Lakini kaa leo katika jumuiya nyingi uhesabu dakika. Sala, somo, tafakari ya dakika tano, kisha matangazo ya dakika 40, na matangazo yote ni fedha. Mwanajumuiya aliyeombwa rushwa juzi ili mtoto wake apate uhamisho wa shule yuko pale. Mwanajumuiya anayeomba rushwa kama hiyo ofisini kwake naye yuko pale. Wameketi mkeka mmoja, wamesikia Injili moja, na hakuna aliyeuliza swali linalowahusu wote wawili.

Wala usidhani haya ni malalamiko ya kijana mkorofi dhidi ya mafundisho ya Kanisa. Mafundisho ya Kanisa ndiyo yanayolalamika. Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1988 kuhusu waamini walei, alitaja vishawishi viwili vinavyowapata: kwanza, kuzama mno katika shughuli za kanisani hadi kuacha wajibu wao katika kazi, uchumi, utamaduni na siasa, pili, kuitenga imani na maisha. Papa Fransisko, mwaka 2013, akaona jambo lilelile: kwamba walei wengi wanajituma, lakini kujituma kwao kunaishia katika kazi za ndani ya Kanisa, Injili haifiki kule jamii inakoundwa. Mapapa wawili, miaka 25 kati yao, ugonjwa uleule. Nasi tumejibu kwa kuunda kamati nyingine.

Matokeo yake tunayaona ofisini. Kataa bahasha mbele ya wenzako uone utakavyoitwa. Wataambiana, "huyu analeta ulokole." Fikiri maana ya kejeli hiyo. Nchi ina mamilioni ya Wakatoliki, ofisi imejaa rozari zinazoning'inia kwenye vioo vya magari, lakini mtu akikataa rushwa wenzake wanahisi amehama dhehebu. Hakuna anayesema, "huyu analeta Ukatoliki." Sifa hiyo hatunayo. Tunasifika kwa kwaya, kwa shule, kwa hospitali, kwa harusi zenye mpangilio. Kwa mkono usiochukua, hatusifiki.

Tuseme na lile la harambee. Mgeni rasmi anapofika, tunasimama. Sote tunajua mshahara wa cheo chake, sote tunaweza kujumlisha, na jumla haifiki kwenye hundi anayoitoa. Anapewa kiti cha mbele, anapigiwa vigelegele, anaitwa mlei wa mfano. Mahali fulani nyuma amekaa karani wa ofisi ileile ambaye alikataa kutia saini malipo hewa, akanyimwa safari, akanyimwa posho, na leo ameweka noti ya 2,000 kwenye kikapu. Huyo hatajwi. Tumemfundisha kila mtoto aliyekuwepo pale, bila kufungua kinywa, maana ya kuwa Mkatoliki aliyefanikiwa.

Katika historia ya Kanisa la ukanda huu hatutapata pa kujifichia. Mapadre Weupe walifika Buganda mwaka 1879. Novemba 1882, baada ya hali kuwa ya hatari, waliondoka wote, wakavuka ziwa hadi Bukumbi, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Mwanza. Waliacha nyuma waamini wachache waliobatizwa na wengine waliokuwa wakijifunza. Hakuna padre, hakuna Misa, hakuna kitubio. Kwa mantiki yetu ya leo, Kanisa lilikuwa limefungwa hadi tangazo lingine.

Mapadre waliporudi katikati ya mwaka 1885 hawakukuta gofu. Walikuta watu wengi zaidi ya waliowaacha. Yosefu Mukasa, msimamizi wa vijana wa ikulu, alikuwa amewafundisha chini ya paa la mfalme. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa mfalme, alikuwa amefanya nyumba yake kuwa mahali pa katekesi. Matia Mulumba alikuwa mtu wa utawala, mwenye kuamua mashauri ya watu. Noe Mawaggali alikuwa mfinyanzi. Mateso yalipofika na saa ikawa imekwisha, Karoli Lwanga, ambaye hakuwa na daraja lolote, aliwabatiza mwenyewe baadhi ya vijana waliokuwa chini yake, Kizito akiwa mmoja wao. Mashahidi Wakatoliki wa Uganda ni 22. Hakuna padre hata mmoja kati yao. Hakuna mtawa. Kila Juni 3 mahujaji wanamiminika Namugongo, wengine kutoka Tanzania na Kenya, wanapiga picha, wanachota maji, wanarudi nyumbani kusema wao ni walei tu.

Wafiadini hao walitangazwa watakatifu mjini Roma tarehe 18 Oktoba 1964, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiwa kikaoni. Tarehe 21 Novemba mwaka huohuo, siku 34 baadaye, Mtaguso ulipitisha hati ya Lumen Gentium. Hati hiyo inaanza kumweleza mlei kwa kile asichokuwa: si mwenye daraja takatifu, si mtawa. Sisi tukasoma hapo, tukafunga kitabu. Tungeendelea kidogo tungekuta kwamba mlei ameitwa na Mungu palepale alipo, katika kazi na familia na mambo ya dunia, ayatakase kutoka ndani. Tungekuta sura nzima inayosema utakatifu si mali ya kundi maalumu. Na tungekuta jambo linalotisha zaidi: kwamba kuna mahali ambapo Kanisa haliwezi kufika isipokuwa kupitia kwa mlei. Kwenye chumba cha zabuni hakuna padre. Kwenye zamu ya usiku ya maabara hakuna sista. Usipokuwepo wewe kama Mkristo, hapo Kanisa halipo.

Ukitaka kuiona hati hiyo ikitembea kwa miguu miwili, nenda Goma. Floribert Bwana Chui alizaliwa huko mwaka 1981, akasoma sheria, akajiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, akawa anatumia muda wake na watoto wa mitaani ambao Goma inawaita maibobo. Kisha akapata kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Kazi ya mihuri, fomu na maghala, kazi ambayo katika orodha yoyote ya miito haipo. Mwaka 2007 kulikuwa na shehena ya chakula kilichoharibika iliyotakiwa kuvuka mpaka kutoka Rwanda. Akaahidiwa pesa aipitishe. Akakataa. Wakubwa wakamshinikiza. Akakataa. Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26.

Papa Fransisko alimtaja mbele ya vijana mjini Kinshasa, Februari 2023. Tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa Mwenyeheri, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Roma. Kijana wa mji unaozungumza Kiswahili, mwenye digrii na ajira, aliyezaliwa enzi za redio kaseti. Hakufa akiwa amekumbatia tabernakulo. Alikufa kwa sababu ya muhuri. Alijua kwamba upande wa pili wa muhuri ule kulikuwa na watu ambao wangekula chakula kile, na hakuweza kupokea Ekaristi kwa mkono uleule ambao ungekipitisha. Wito wake ulikuwa mezani kwake, kati ya wino na karatasi, na aliutambua.

Jiulize: kabla ya Julai 2007, parokia zetu zingemwona? Angekuwa na kadi yenye malipo ya kawaida. Asingekuwa mgeni rasmi; hakuwa na hundi. Angesimama kujitambulisha na labda, kwa mazoea, angesema yeye ni mlei tu.

Mpaka hapa nimewasema maparoko, kamati na wazee. Ni rahisi, na ninyi mnaosoma huenda mmetikisa vichwa kwa kuridhika. Ngoja tuje kwetu, vijana tuliosoma, kwa sababu tumebuni njia zetu za kukwepa, na zina sura nzuri zaidi.

Wapo waliokimbilia mabishano. Wanajua tofauti za madhehebu yote ya liturujia, wana maoni makali kuhusu shela, magitaa na Kilatini, wanaweza kumshinda Mpentekoste yeyote kwa aya kumi mkononi. Ni elimu, na elimu si dhambi. Ila muulize mmoja wao kazini kwake anafanya nini na anafanyaje, utaona somo linabadilishwa. Wapo waliokimbilia ufundi wa kujinasibu: kila kupanda cheo ni Mungu, kila tenda ni baraka, kila gari jipya ni ushuhuda. Wanasema "nimeiombea" kuhusu mambo ambayo walikwisha kuyaamua, na sala yao ni muhuri unaogongwa mwishoni. Na wapo, nao ni wengi, waliosoma Injili wakaona gharama, wakaamua kuishi kwa methali: mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Methali hiyo imewabatiza upya kuliko ubatizo.

Makundi haya matatu yana jambo moja la pamoja. Hakuna hata moja linalouliza: naitwa kufanya nini, hapa nilipo, na itanigharimu kiasi gani?

Kuuliza hivyo ndiko kutambua wito, na si kazi ya waseminari peke yao. Njia mashuhuri zaidi ya kupambanua wito katika Kanisa Katoliki ilianzwa na mlei. Inyasi wa Loyola alikuwa askari aliyevunjwa mguu kwa mzinga huko Pamplona mwaka 1521. Akiwa kitandani akisoma, aligundua kitu kidogo: mawazo ya sifa na ushujaa wa kidunia yalimfurahisha kisha yakamwacha mkavu, mawazo ya kumfuata Kristo kama watakatifu yalimwacha na amani iliyobaki hata baada ya wazo kupita. Akaanza kuandika maangalizo yake mwaka uliofuata. Akawaongoza watu wengine katika mazoezi hayo, wanaume kwa wanawake, akiwa bado hana daraja. Upadre aliupata mwaka 1537, miaka 16 baada ya ule mzinga. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba kupambanua ni somo la nyumba za malezi.

Kwa mlei, kupambanua kunashuka kwenye vitu vinavyoshikika. Nani anaumia mimi nikifanya kazi yangu vibaya, na je, namjua kwa sura? Kitu gani sitakifanya kwa bei yoyote, na je, nimekwisha kumwambia mtu kabla bei haijatajwa? Maana akili ikishasikia kiasi huanza kutafuta tafsiri. Nani anajua mapato yangu na matumizi yangu, na ana ruhusa ya kunikemea? Nikiwaza kubaki hapa, na nikiwaza kuondoka, wazo lipi linaniacha na amani baada ya wiki mbili, siyo baada ya dakika mbili? Maswali haya hayahitaji kanzu. Yanahitaji daftari, rafiki mkweli, na kiungamishi anayejua unafanya kazi gani.

Mwaka 1955 mwalimu mmoja wa Pugu alitakiwa achague kati ya ualimu na siasa. Alikuwa amefunga ndoa miaka miwili tu nyuma. Mshahara ulikuwa wa uhakika. Chama alichokuwa akikiongoza hakikuwa na uhakika wa kitu. Julius Nyerere akaacha kazi. Unaweza kubishana na siasa zake mpaka kesho, na ubishani huo ni halali. Lakini mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, uliofunguliwa jimboni Musoma mwaka 2005, unalazimisha jambo moja kwenye meza ya Kanisa letu: kwamba uamuzi kama ule, wa mtu mwenye mke, kodi na madeni, unaweza kuwa suala la utakatifu. Haukuwa uamuzi wa kuingia sakristia. Ulikuwa wa kutoka darasani kwenda mkutanoni.

Najua mtakalonijibu. Wa kwanza atasema: Floribert aliuawa, unataka tufe? Sitaki, na wengi wetu hatutaombwa bei hiyo. Bei yetu ni ndogo na kwa hiyo inaaibisha zaidi tunapoikataa: kuhamishiwa kituo cha mbali, kurukwa kwenye safari, kuitwa mlokole, kujenga nyumba kwa miaka 12 wakati mwenzako amejenga kwa miaka miwili. Kwa bei hiyo tumeuza.

Wa pili ana hoja nzito zaidi. Atasema: unazungumza habari za ofisi, mimi nina shahada na sina ofisi, nauza vocha, naendesha bodaboda, nafundisha tuisheni kwa malipo ya kubahatisha, na hiyo ajira moja iliyotangazwa, mtu wa kati ametaka milioni mbili ili jina langu lipite. Wito wangu uko wapi? Nasema uko hapohapo, na hapohapo ndipo Kanisa limemwacha peke yake kwa aibu kubwa. Wito si ajira. Anayempakia abiria usiku akamfikisha salama bila kumpandishia nauli njiani ana wito. Na kijana anayetafakari kama alipe hizo milioni mbili anafanya upambanuzi mzito kuliko wa mseminari anayechagua jimbo, na anaufanya chumbani gizani, bila mlezi, bila mafungo, bila mtu wa kumwambia kwamba akikataa jumuiya haitamwacha alale njaa. Hapo ndipo michango yetu ingekuwa na maana. Tuna mfuko wa ujenzi wa ukuta wa parokia. Tuna mfuko gani wa kumbeba aliyekataa?

Wa tatu atasema walei wakipewa sauti watalivuruga Kanisa. Sijaomba sauti. Sijaomba kiti altareni wala funguo za sakristia. Padre abaki padre, na Mungu atuongezee mapadre. Ninaloomba ni zito kuliko hilo, na ndiyo maana nadhani halitapendwa: mlei adaiwe.

Adaiwe jumuiyani. Mwenyekiti, pamoja na kadi, auliziwe na kazi: wiki hii, kule unakoshinda, Injili imekugharimu nini? Mara ya kwanza patakuwa kimya. Mara ya tatu mtu atasema. Adaiwe katika kitubio; paroko aulize kazi ya mtu kabla ya kutoa malipizi, maana dhambi za mhasibu haziko sawa na za mkulima. Hundi ya harambee iulizwe inatoka wapi, na nyingine zirudishwe, hata kama paa litachelewa. Kanisa lililoanza Buganda katika nyumba ya mpiga ngoma linaweza kusali chini ya mwembe mwaka mmoja zaidi.

Na Jumapili ijayo ya Mchungaji Mwema, baada ya frateri kueleza safari yake, asimame mtu wa kupima mizani kwenye mnada wa ng'ombe, au muuguzi wa zamu ya usiku, au dereva, aeleze yake: aliitwaje, amejaribiwa wapi, amekataa nini, nani amemsaidia kubaki. Asipewe zaidi ya dakika kumi. Atakapojitambulisha, na lile neno dogo likataka kumtoka, tumkatize kwa heshima, tumwombe aanze tena.